Umaarufu wa ng'ambo si ubao wa mabao

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, nasoma chuo hapa Mbeya, nimepanga Iyunga. Tuko kumi na wawili, tuna kikundi cha kutazama tamthilia za kisayansi, kila Jumamosi geto kwangu. Tulichanga elfu kumi na tano kila mtu tukanunua eksteno, diski ya nje ya terabaiti mbili, tukaijaza mzigo kutoka laibrari ya muvi Mwanjelwa. Sasa tumegawanyika. Wenzetu wa Star Trek wanasema yao ndiyo mama wa zote, hata Uhura, yule mwanamke wa chombo chao cha anga, jina lake ni letu. Sisi wa Doctor Who tunasema yetu ilioneshwa nchi 94 kwa mpigo, na aliyeigiza Daktari, mhusika mkuu, juzi juzi kazaliwa Kigali, jirani kabisa. Wao wakajibu kwamba Star Trek inapendwa Ujerumani kama vile ilitengenezwa kule. Ulianza utani, yakaja matusi kwenye grupu la WhatsApp, watano wamejitoa, na aliyebaki na eksteno amesema haitoi mpaka 'tukubali ukweli'. Tamthilia ikipendwa sana nje ya kwao, si ndiyo ushahidi kwamba ni bora? Na kwa nini watu wanaopenda kitu kilekile wachukiane hivi? Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Umefunga mambo matatu kwenye kitambaa kimoja. Kuna la ukweli, kuna la mioyo, na kuna la eksteno. Hilo la mwisho umelipitisha kana kwamba ni dogo, lakini nadhani ndilo lililokufanya uandike. Nitalifikia. Nianze na ukweli, kwa sababu mmetupiana namba na majina ya nchi bila yeyote kati yenu kufungua aone ndani mna nini.

Hiyo 94 ni ya kweli. Tarehe 23 Novemba 2013 Doctor Who ilitimiza miaka 50 tangu sehemu ya kwanza ilipoonekana BBC mwaka 1963, na sehemu maalumu ya sherehe hiyo ikarushwa kwa wakati mmoja katika nchi 94. Guinness waliiandika kama rekodi. Ila soma vizuri kilichohesabiwa: nchi ambazo ishara ilifika. Hakuna aliyehesabu waliokaa wakatazama, achilia mbali waliopenda. Na rekodi yenyewe haikudumu. Machi 2015 tamthilia ya Marekani ya wapelelezi wa maabara, CSI, ikarusha sehemu yake moja katika nchi 171. Kwa mizani yenu, basi, polisi wenye darubini wamewashinda nyote wawili, mfunge kikundi mkatazame maiti zikipimwa.

Sikucheki. Nataka uone ni wapi mliteleza. Mmechukua kipimo cha njia mkakifanya kipimo cha mzigo.

Wewe uko Mbeya, kwa hiyo nikuulize la kwenu. Parachichi linalopakiwa Rungwe na Njombe kwenda Ulaya ni lipi? Ni Hass, lile dogo lenye ganda gumu la vipele. Yale makubwa ya kienyeji, laini, ambayo bibi akikupa moja na chumvi unasahau chakula cha mchana, hayaendi popote. Ukimuuliza Mzungu atakwambia parachichi la Tanzania ni Hass, na hajawahi kuona jingine. Je, Hass ndilo tamu kuliko yote? Labda kwako ndiyo, kwa bibi yangu hapana. Lilikwenda kwa sababu ganda lake linavumilia safari na wanunuzi wa kule wamelizoea.

Tamthilia nazo husafiri hivyo. Kwa desturi ya Marekani, kituo kinachoagiza tamthilia hulipa pungufu ya gharama ya kuitengeneza. Studio hubeba pengo hilo, ikitegemea kulifidia kwa marudio na kwa kuuza nje, nchi moja moja. Bei ya kuuza nje haipimwi kwa utamu wa hadithi, hupimwa kwa ukubwa wa mfuko wa mnunuzi: nchi tajiri hulipa nyingi, nchi maskini hulipa kidogo kwa kitu kilekile, maana gharama ya kukitengeneza ilikwisha kuliwa zamani. Mara nyingi pia huuzwa kwa furushi. Unajua belo la mitumba linavyofunguliwa hapo Mwanjelwa: unalitaka kwa ajili ya jaketi tatu za maana, lakini unabeba na mashati yasiyo na vifungo. Kituo kinachotaka filamu kali ya mwaka hubeba pamoja nayo tamthilia ambazo hakuna aliyeziulizia. Zikijaza saa kumi na mbili jioni kila siku kwa miaka mitatu, watoto wa nchi hiyo watakua wakizipenda, na wakishakuwa na ndevu watakwambia ndizo bora duniani. Hawadanganyi. Ndizo zilizokuwepo wakiwa na miaka tisa.

Star Trek yenyewe ni shahidi. Ilianza kituo cha NBC cha Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikapigwa chini mwaka 1969 baada ya sehemu 79, kwa sababu namba za watazamaji hazikuridhisha. Kilichoipa uhai ni marudio ya miaka ya 1970, vituo vya mikoani vikiirusha jioni baada ya jioni kwa bei nafuu. Mashabiki walipoitisha mkutano wao New York Januari 1972, waandaaji walitarajia mamia, wakajikuta na maelfu. Tamthilia ilikuwa ileile, hata neno moja halikuongezwa. Saa ndiyo iliyobadilika.

Na hao Wajerumani wenu? Ni kweli wanaipenda, tangu kituo chao cha ZDF kilipoanza kuirusha mwaka 1972. Lakini waulize wenzako ni Star Trek ipi. Kuna ile sehemu ambayo Spock, yule msaidizi wa nahodha mwenye masikio ya ncha, anashikwa na hamu ya kuoa, ile ya damu yake, mpaka anataka kumuua nahodha wake. Televisheni ya Ujerumani iliona hilo haliwafai watoto wa jioni. Walipoingiza sauti za Kijerumani wakabadilisha hadithi: Spock akawa mgonjwa wa homa ya angani, na lile pambano likageuzwa ndoto. Miaka mingi Mjerumani aliipenda sehemu ambayo Mmarekani hajawahi kuiona. Sasa nani alimpenda nani hapo?

Mimi jambo hili nililijua kabla ya kulisoma popote. Nikiwa kijana Tukuyu tulikuwa tukienda kwenye banda la video, mabenchi ya mbao, deki moja na televisheni iliyowekwa juu ya kreti mbili za soda. Siku moja mwenye banda kaweka kanda ya watu wa angani wenye nguo za kubana. Mvua ya Tukuyu unaijua. Ilipoanza kupiga bati hatukusikia kitu tena, na hata tungesikia, Kiingereza chenyewe kilikuwa kinatupita. Mwenye banda akasimama kando ya skrini, mwavuli mkononi kama fimbo ya mwalimu, akaanza kutusimulia kwa kupaza sauti. Yule mwenye masikio ya ncha akawa mganga wa chifu. Chombo cha anga kikawa meli ya serikali inayokusanya kodi ya kichwa kwenye nyota. Tulilipa, tukashangilia, tukarudi Jumapili iliyofuata kuuliza kama mganga ameoa. Miaka baadaye nilipoitazama upya nikiwa na sauti, niliona ni nzuri, lakini si ile. Ile ya mwenye banda hakuna aliyeirekodi. Ninyi mliokulia kwenye muvi za kutafsiriwa mnaelewa ninachosema.

Ukitaka mfano wa nyumbani, mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikizungumza Kiswahili. Ilipendwa, mama zetu waliacha sufuria zikaungua, na Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Haikuja kwa sababu mama wa Kihesa aliiandikia barua Beijing. Ililetwa kwa mpango wa taasisi za utangazaji za nchi mbili, ikapewa lugha yetu na saa nzuri. Mapenzi yakafuata. Na mapenzi hayo ni ya kweli kabisa. Ila hayathibitishi kwamba ndiyo tamthilia bora kuliko zote walizonazo Wachina.

Kuna jingine ambalo wala hamkulifikiria. Ninyi wenyewe hampo kwenye hesabu yoyote. Mzigo wa eksteno yenu umetoka laibrari, umeingia kwa flashi, haukupita kwa king'amuzi wala kwa mtu anayehesabu. BBC haijui mpo, wenye Star Trek hawajui mpo. (La hakimiliki nakuachia wewe na dhamiri yako, leo si mada.) Mnapigana kwa takwimu za ng'ambo wakati ng'ambo yenyewe, ukiitazama kutoka London au Los Angeles, ni ninyi, na mmeandikwa sifuri.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kupendwa nje si bure, na hapa wenzako wa pande zote mbili wana haki. Fedha za nje huokoa kazi. Battlestar Galactica mpya, tamthilia nyingine ya angani, ilichangiwa na televisheni ya Sky ya Uingereza, ndiyo maana Waingereza waliiona Oktoba 2004 na Wamarekani, wenye nchi, wakasubiri mpaka Januari 2005. Na Doctor Who imeokolewa kwa namna ambayo sisi Waafrika tunapaswa kuijua. BBC ilifuta au kutupa sehemu nyingi za miaka ya 1960, kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani mtu atataka kuzitazama tena. Lakini nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa nje, New Zealand tangu 1964, kisha nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, Nigeria, Zambia, Kenya na Uganda zikiwamo, makopo yakihama kituo hadi kituo. Mwaka 2013 zilitangazwa sehemu tisa zilizokutwa kwenye kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria, zikiwa rafuni tu na vumbi lake. Mtunza stoo fulani hakutupa. Kama unataka kujivunia umaarufu wa nje wa Doctor Who, acha 94, jivunie lile kopo la Jos.

Umeona majirani niliowataja? Zambia hapo ng'ambo ya Tunduma, Kenya, Uganda. Sisi Bara hatumo, kwa sababu rahisi: hatukuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar walitangulia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara tukasubiri mpaka mwaka 1994. Sasa litazame suala la Uhura kwa jicho hilo. Jina limetokana na uhuru, wenzako wako sahihi. Na kuna zaidi: katika sehemu ya kwanza kabisa iliyorushwa, usiku ule wa Septemba 1966, kiumbe kinachojigeuza sura kinamjia Uhura kama mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Kiswahili kilisikika kwenye televisheni za Marekani miaka 28 kabla ya televisheni ya Bara kusema neno. Hapo ndipo ujue kwamba "kwao" na "nje" ni maneno yenye utelezi. Na Ncuti Gatwa, Daktari wenu, ni kweli alizaliwa Kigali mwaka 1992, akakulia Scotland baada ya familia yake kukimbia. Yeye ni wa nje wapi?

Sasa la mioyo. Wewe unashangaa kwamba wanaopenda kitu kilekile ndio wanaochukiana. Mimi ningeshangaa kama mngegombana na wapenzi wa tamthilia za Kifilipino. Nao hamna cha kugombea, mnapishana tu. Mwanasaikolojia Henri Tajfel alifanya jaribio Bristol, likachapishwa mwaka 1970. Aliwagawa wavulana wa shule makundi mawili, akiwaambia kila kundi linapendelea michoro ya msanii mmoja, Klee au Kandinsky. Mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha, na hakuna aliyejua mwenzake yuko kundi gani. Kisha akawapa nafasi ya kuwagawia wengine fedha. Waliwapendelea wa kundi lao. Kinachonikaa kichwani ni hiki: mara nyingi walikubali wenzao wapate kidogo, mradi pengo dhidi ya kundi la pili liwe kubwa. Kumzidi yule kulikuwa kutamu kuliko kupata. Fikiria rafiki yako anayelala na eksteno asiyoitazama.

Kwenye mpira tuna dawa ya hili, walau ya muda. Mbeya City na Tanzania Prisons wakikutana Sokoine, dakika 90 zikiisha kuna matokeo, mtu ananuna, ananunua chai, yanapoa mpaka mzunguko wa pili. Tamthilia hazikutani uwanjani. Enterprise, chombo cha Star Trek, haitacheza na kibanda anachosafiria Daktari. Ushindani usio na mechi hutafuta ubao wa mabao popote, na ubao uliokuwa karibu nanyi ni umaarufu wa ng'ambo: nchi ngapi, Wajerumani wangapi. Ndiyo maana kila namba iliyoletwa ilijibiwa na namba nyingine. Hakuna refa wa kupuliza, mtaendelea mpaka betri za simu ziishe.

Hamkuanza ninyi. Mwaka 1993 Marekani zilianza tamthilia mbili zinazotokea kwenye vituo vya angani, Babylon 5 na Star Trek: Deep Space Nine. Muundaji wa Babylon 5, J. Michael Straczynski, alikuwa amewahi kupeleka wazo lake Paramount, wenye Star Trek, wakalikataa. Unaweza kukisia mashabiki walivyofanana na grupu lenu. Lawama za wizi, viapo vya kutotazama ya mwenzako. Mwaka 1996 Majel Barrett, mjane wa Gene Roddenberry aliyeiunda Star Trek, alikubali kuigiza katika sehemu moja ya Babylon 5, kama mjane wa mfalme. Alifanya hivyo ili mashabiki waone hakuna vita. Hakuleta hoja wala namba. Alikwenda akaketi kwenye kibaraza cha upande wa pili, mbele ya watu.

Hilo linanileta kwa eksteno, na hapa nitakuwa mkweli kwako. Wewe huwezi kuwa msuluhishi. Umeandika "sisi wa Doctor Who". Geto ni lako, lakini wewe ni upande. Kila utakachosema kwenye grupu, hata salamu, kitasomwa kama bao. Kwa hiyo nyamaza grupuni kabisa. Tafuta mmoja ambaye kijana huyo anamheshimu, awe wa Star Trek ikiwezekana, amwendee peke yake, mchana, bila ujumbe wa watu wanne mlangoni. Asiende kudai. Aanze kwa kumuuliza hali.

Kilichomo ndani ya eksteno hakina haja ya kugombewa, kinanakilika. Kila mwenye flashi achukue anachotaka siku moja, yaishe. Kifaa chenyewe ndicho chenye thamani: mlichanga laki moja na themanini, kila mmoja ana elfu kumi na tano yake ndani. Akitaka kubaki nacho, awarudishie wengine fungu lao, likipunguzwa kidogo kwa kuwa kimetumika. Hataki kulipa, kikae kwa mtu asiye na upande. Mkikubaliana, andikeni mistari mitatu kwenye karatasi, majina na saini. Ndugu wasioandikiana ndio wanaoishia kurushiana maneno misibani.

Kama hao watano hawatarudi, msiwabembeleze. Kugawana vikundi viwili, Jumamosi na Jumapili, si msiba. Nimeona vikundi vilivyogawanyika vikadumu, na vilivyolazimishwa kukaa pamoja vikafa ndani ya mwezi. Binafsi ningejaribu kwanza njia ya kupokezana: wiki hii upande mmoja unachagua sehemu moja tu ya tamthilia ya wenzao, ile wanayoiona nzuri kuliko zote, na kueleza kwa nini. Inamlazimu mtu atazame kwa jicho la jirani. Haifanyi kazi kila mahali, na kwa watu waliotukaniana mama zao ningesubiri kidogo.

Kuna mahali ushauri wa maandishi haufiki. Kama kuna aliyetishiwa kupigwa, au matusi yamegusa kabila, dini au mwili wa mtu, msiendelee wenyewe. Nendeni ana kwa ana kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni, mkiwa na picha za ujumbe wenyewe. Kama mwenye eksteno anagoma hata baada ya mtu mzima kumwendea, mwenyekiti wa mtaa anatosha kwa jambo la ukubwa huu, na kwa kawaida akiwaita wote barazani kwake linaisha kabla chai haijapoa. Na kama yeye, au yeyote kati yenu, amejifungia, halali, haendi vipindini, sapu za mitihani zinamwandama, basi tatizo si Star Trek hata kidogo. Huyo asiachwe peke yake. Mpelekeni kwa mshauri nasaha au hospitali, mtu mmoja amsindikize mpaka mlangoni.

Mkirudi kukaa pamoja, hata mkiwa sita, wekeni ile sehemu ya kwanza ya 1966. Mfike pale kiumbe kinapomjia Uhura. Rudisheni nyuma, ongezeni sauti, kisha kila mtu aseme kile Kiswahili ni cha Unguja, cha bara, au cha mtu aliyekariri kwenye karatasi dakika tano kabla ya kamera kuwashwa. Hapo bisheni mtakavyo.